Kilo 30 zilizopotea: uhakiki mdogo wa MAGAZIJUTO

Kabla hujaendelea kusoma, chukua karatasi ufanye hesabu hii. Simu iache pembeni.

48 − 2 + 15

Umepata ngapi? Kama umepata 61, uko sahihi. Kama umepata 31, usijione mjinga. Uko na watu wengi, na mimi mwenyewe shule ya msingi nilikuwa humo humo. Makala hii ni ya kwenu wote wawili. Aliyepata 61 mara nyingi haelewi mwenzake ameitoa wapi hiyo 31, na aliyepata 31 anaweza kukuonyesha hatua zake zote, mstari kwa mstari, akiwa na kanuni ya darasani mkononi inayomtetea.

Kanuni hiyo ni MAGAZIJUTO. Kama umesoma shule ya msingi Tanzania, unaijua hata ukiamshwa usingizini: MAbano, GAwanya, ZIdisha, JUmlisha, TOa. Leo nataka tuihakiki kama tunavyohakiki kitabu au nadharia: inasema nini, inasaidia wapi, na wapi inamwacha mtoto peke yake gizani.

Mizani ya Mbingu

Nilikuwa Mbingu msimu wa kokoa, nakusanya data za utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Kama hujafika, Mbingu iko kwenye barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba, milima ya Udzungwa upande mmoja na bonde la Kilombero limejitandaza upande wa pili. Watu wanalima mpunga kama ilivyo bonde zima, ila Mbingu ina jina kwenye kokoa. Kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanzishwa 2013, iko hapa. Inanunua kokoa ikiwa mbichi, kisha inaichachusha na kuikausha yenyewe. Kwa hiyo mkulima anauza mbegu zikiwa bado na ute wake mweupe, na kinachoamua fedha yake ni mizani. Watu wa hapa wanajua kupima. Usijaribu kumfundisha mkulima wa Mbingu maana ya kutoa uzito wa chombo, atakucheka.

Jioni moja mwenyeji wangu alirudi kuuza, akamwita binti yake wa darasa la sita amwandikie hesabu kwenye daftari. Kreti la kwanza lilisoma kilo 48, lakini kreti lenyewe tupu lina kilo 2. Halafu aliongeza kilo 15 ambazo zilishapimwa bila chombo. Jumla ni ngapi? Binti akaandika vizuri sana, kwa mwandiko wa kupendeza:

48 − 2 + 15
= 48 − 17
= 31

Mzee akaangalia daftari, akacheka, kisha akaacha kucheka. Mizani ilikuwa sahihi na malipo aliyopewa yalikuwa sahihi, ya kilo 61. Akamwambia: "Mwanangu, nilikuwa na kilo 46 nikaongeza 15, nikabaki na 31? Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Binti hakuyumba. "Baba, tumefundishwa kujumlisha kwanza. JU iko mbele ya TO." Akanigeukia: "Si ndiyo, anko?"

Mimi, mtu wa shahada ya uzamili, nikafungua mdomo nikaufunga. Kwa sababu JU kweli iko mbele ya TO. Mzee akamaliza mjadala kwa namna iliyoniuma kuliko kosa lenyewe: "Basi, hesabu za shule ni za shule. Andika 61."

Na binti akaandika 61, huku akiamini kwamba amemtii baba yake na amekosea hisabati. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Kosa la kilo 30 mzee alilirekebisha kwa sekunde mbili. Lakini mtoto aliondoka pale na somo kwamba kuna jibu la mizani na kuna jibu la daftari, na kwamba hayo mawili si lazima yakutane.

Kwanza tuipe haki yake

Uhakiki wa haki huanza na mazuri. MAGAZIJUTO ni kifupisho kizuri sana. Kinatamkika, kina mdundo, na kimejengwa kwa Kiswahili na silabi za Kiswahili, hakikukopwa. Mtoto hahitaji kukariri herufi kavu. Kila silabi ni mwanzo wa neno analolijua. Wengi tumesahau tarehe za vita na majina ya mito, lakini MAGAZIJUTO bado ipo kichwani.

Pia kazi yake kubwa inaifanya vizuri. Tazama hesabu hii:

5 + 3 × 20

Anayekwenda tu kutoka kushoto atasema 5 + 3 ni 8, mara 20 ni 160. MAGAZIJUTO inamzuia: ZI iko mbele ya JU, kwa hiyo 3 × 20 = 60, kisha 5 + 60 = 65. Sahihi.

Lakini kwa nini ni sahihi? Hapo MAGAZIJUTO iko kimya, na ukimya huo ndio utakaotuletea shida baadaye. Sababu yenyewe si ngumu. Sema una kilo 5 za mpunga zilizo wazi, na ndoo 3 zenye kilo 20 kila moja. Ile 3 ni idadi ya ndoo, haina kilo ndani yake. Ukisema 5 + 3 unajumlisha kilo na ndoo, kama mtu anayejumlisha abiria na mabasi. Kuzidisha ni kufungua mafungu. Fungua mafungu kwanza ili vyote viwe kilo, ndipo ujumlishe. Nayo mabano ni nini? Ni mwandishi wa hesabu anakuambia: "Hiki kifungashio nimekifunga mimi, anza kukifungua." Basi. MA na ZI zina sababu, na sababu hiyo mtoto wa mkulima anaielewa kabla hajaingia darasani.

Juto lenyewe

Sasa tuje mwisho wa neno, JUTO. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na hapa kweli yanakuja mwishoni.

"Jumlisha kabla ya kutoa." Swali: jumlisha nini na nini? Kwenye 48 − 2 + 15, kuna njia mbili za kuitii amri hiyo.

Njia ya kwanza ni ya yule binti. Anaiona alama ya kujumlisha, anachukua namba zilizokaa pande zake mbili, 2 na 15, anapata 17. Kisha anatoa: 48 − 17 = 31.

Njia ya pili, twende nayo polepole.

Hatua ya 1: Kata hesabu vipande. Kila namba inaondoka na alama iliyo kushoto kwake. Namba ya mwanzo isiyo na alama ihesabu kuwa ya kuongeza. Tunapata vipande vitatu: +48, −2, +15.

Hatua ya 2: Jumlisha vipande vyote vya kuongeza: 48 + 15 = 63.

Hatua ya 3: Jumlisha vipande vyote vya kutoa. Hapa kipo kimoja tu: 2.

Hatua ya 4: Sasa toa: 63 − 2 = 61.

Umeona? Katika njia ya pili nimejumlisha kwanza, nikatoa baadaye. Nimeitii JUTO kikamilifu na nimepata jibu la mizani. Kwa hiyo kusema "MAGAZIJUTO ni uongo" si haki. Inachosema kina tafsiri mbili, moja sahihi na moja si sahihi, na chenyewe hakikuambii uchague ipi. Kibaya zaidi, tafsiri isiyo sahihi ndiyo inayomjia mtoto kirahisi, kwa sababu macho yanavutwa na majirani wa ile alama.

Kosa la binti liko wapi hasa? Alama ya kutoa katika −2 ilikuwa inaihusu 2 peke yake. Alipoiunganisha 2 na 15, akaiingiza na 15 kwenye kutolewa. Yaani alifanya hesabu hii bila kujua:

48 − (2 + 15)

Mabano yale hakuna aliyeyaandika. Aliyaweka yeye kichwani, kwa ruhusa ya kanuni.

Kama bado haijakaa vizuri, panda treni. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita katika bonde hili ikitoka Ifakara kuelekea Mlimba. Sema treni imeingia Ifakara na abiria 240. Wameshuka 35, wamepanda 20. Inaondoka na wangapi?

240 − 35 + 20

Hesabu ya kawaida: 240 − 35 = 205, kisha 205 + 20 = 225. Kwa tafsiri ya binti: 35 + 20 = 55, halafu 240 − 55 = 185. Wale 20 waliopanda na mizigo yao wamehesabiwa kwamba wameshuka. Na tofauti ya majibu ni 40, mara mbili ya 20. Kule kwenye kokoa tofauti ilikuwa 30, mara mbili ya 15. Si bahati mbaya hiyo. Namba iliyopaswa kuongezwa, ikitolewa badala yake, unaikosa mara ya kwanza kwa kutoiongeza na unaipoteza mara ya pili kwa kuitoa. Ndiyo maana kosa la JUTO daima ni mara mbili ya kile ulichopaswa kuongeza. Kwenye jibu la mtihani ni alama moja. Kwenye mizani ni kilo 30.

Kwa nini hatuligundui?

Swali zuri la mhakiki: kama kanuni ina mtego, imedumuje hivi?

Nilimwomba binti daftari lake la hisabati nikalipekua. Mifano iliyokuwamo ilikuwa imepangwa kwa namna hii: 12 + 8 − 5, au 6 × 4 + 10 − 7. Kujumlisha kunatangulia, kutoa kunafuata. Katika mpangilio huo tafsiri zote mbili zinatoa jibu moja: 12 + 8 − 5 ni 15 upende usipende. Mtego unafyatuka pale tu alama ya kutoa inapotangulia alama ya kujumlisha. Mtoto anaweza kumaliza kurasa kumi za vyema vyekundu, akiwa na tafsiri isiyo sahihi kichwani, na hakuna hata swali moja lililomuuliza: "Una uhakika?"

Hili tunalijua vizuri sisi tunaofanya utafiti. Kipimo kisichoweza kushindwa hakijapima kitu. Ukitaka kujua kama dawa inaua mbu, lazima uiweke mbele ya mbu. Ukitaka kujua kama mtoto ameelewa JUTO, lazima umpe hesabu ambayo JUTO isiyoeleweka itamwangusha.

Mimi binafsi niliangushwa nikiwa darasa la saba, katika shule ambayo sina haja ya kuitaja. Nilipata kosa, nikauliza kwa nini, nikaambiwa: "Rudia MAGAZIJUTO." Nikairudia, nikapata kosa lile lile kwa umakini zaidi.

GAZI ni salama, lakini angalia baki

Huenda unajiuliza kama GAZI nayo ina ugonjwa huo huo. Kugawanya kabla ya kuzidisha kunaharibu?

Jaribu 6 × 10 ÷ 5. Kutoka kushoto: 60 ÷ 5 = 12. Kwa GAZI: 10 ÷ 5 = 2, halafu 6 × 2 = 12. Jaribu 12 ÷ 2 × 3. Kutoka kushoto: 6 × 3 = 18. Kwa GAZI: ni hivyo hivyo, 18. Jaribu unazotaka, ukigawanya kwanza kwa uangalifu hutapotea.

Hatari ya GAZI iko kwingine. Magunia 5 ya mpunga, kila moja limejazwa debe 7, wanagawana ndugu 2:

5 × 7 ÷ 2

Mtoto wa GAZI anaanza na 7 ÷ 2. Hii haigawanyiki sawasawa. Ni 3 baki 1. Akiitupa ile baki, anaendelea 5 × 3 = 15. Jibu sahihi ni 35 ÷ 2, yaani debe 17 na nusu kwa kila ndugu. Kwa kutupa "baki 1" kila ndugu amepoteza debe mbili na nusu. Kanuni haikukosea, lakini ilimpitisha mtoto njia yenye shimo bila kumwambia kwamba kulikuwa na njia ya pili, iliyonyooka.

Sasa linganisha na kwingine. Wamarekani wanakariri PEMDAS, ambayo inataja kuzidisha kabla ya kugawanya. Mtoto wa Marekani anayeifuata kama binti yetu anavyofuata yake, kwenye 12 ÷ 2 × 3 atazidisha kwanza 2 × 3, apate 12 ÷ 6 = 2, wakati wa Mbingu amepata 18. Watoto wawili, wote watiifu, wakiwa na majibu mawili. Hapo ndipo unapoona kwamba mpangilio wa silabi haukutoka kwenye hisabati. Umetoka kwenye utamkaji wa neno. Kihisabati, kugawanya na kuzidisha ni ndugu wa daraja moja. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja lingine. Ndugu wa daraja moja hawapitani. Wanakwenda kwa zamu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Hata wataalamu walichelewa kukubaliana. Florian Cajori, mwanahistoria wa hisabati aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu alama za hisabati mwishoni mwa miaka ya 1920, alieleza kwamba mpaka wakati wake hapakuwa na makubaliano kuhusu kipi kitangulie kati ya kuzidisha na kugawanya. Ni desturi ya uandishi, kama kuendesha gari kushoto. Desturi inafaa kufundishwa kama desturi: tumekubaliana hivi ili tusigongane.

Halafu mtoto wetu anaingia kidato cha kwanza. Lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza, MAGAZIJUTO inazimwa, inawashwa BODMAS. Nayo inataja kujumlisha kabla ya kutoa. Mtego ule ule, safari hii katika lugha ambayo mtoto bado anajifunza. Aliyekuwa na swali darasa la sita sasa hana hata maneno ya kuliuliza. Kwa miaka ya karibuni, matokeo ya kidato cha nne yamekuwa yakionyesha kwamba wanaofaulu Hisabati hawafiki theluthi moja ya watahiniwa. Sisemi MAGAZIJUTO ndiyo sababu. Sababu ni nyingi, kuanzia uhaba wa walimu mpaka njaa. Nasema tu kwamba hii ni moja kati ya zile ambazo kuirekebisha hakuhitaji bajeti.

Utetezi wa upande wa pili

Kuna hoja mbili dhidi yangu, na zote zina uzito.

Ya kwanza: "Darasa lina watoto zaidi ya themanini. Mwalimu atapata wapi muda wa sababu? Mpe kanuni, sababu atazikuta mbele." Naielewa. Nimefundisha kwa muda mfupi na najua sauti inavyokauka. Lakini jiulize kipi kinakula muda zaidi: dakika kumi za kusema kila namba inatembea na alama yake, au miaka mitatu ya kusahihisha kosa lile lile? Na sababu "za mbele" kwa wengi hazifiki. Kwa mtoto anayeishia darasa la saba, mbele ni mizani.

Ya pili niliipata kwa rafiki niliyemsimulia kisa hiki: "Basi geuza tu, iwe MAGAZITOJU. Toa kwanza, jumlisha baadaye." Nilikaa nayo usiku mzima, kwa sababu kumbe inafanya kazi! 48 − 2 = 46, kisha 46 + 15 = 61. 240 − 35 = 205, kisha 225. Ukitoa kwanza, hakuna namba ya kuongeza itakayoburutwa kwenye kutolewa. Lakini jaribu 2 + 3 − 5. Ukianza na kutoa, unakutana na 3 − 5, na mtoto ambaye hajafundishwa namba hasi anakwama hapo hapo, wakati jibu ni sifuri tu. Tungekuwa tumehamisha shimo kutoka upande mmoja wa barabara kwenda mwingine. Shida haiko kwenye silabi ipi itangulie. Shida ni kwamba tumeipa silabi kazi ya kufikiri.

George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, mwaka 1945 alitoa kitabu kuhusu namna ya kutatua maswali ya hisabati. Naye alikuwa na hatua, nne tu: lielewe swali, panga njia, tekeleza, kisha rudi nyuma ukague. Angalia MAGAZIJUTO inaingia wapi humo. Inaingia kwenye hatua ya tatu peke yake. Tumechukua robo ya kazi tukaiita kazi yote, na ile hatua ya nne, ya kukagua, tumemwachia baba wa mtoto na mizani yake.

Alama ya sawa nayo ina malalamiko

Kwa ufupi, jambo moja linaloandamana na hili. Watoto wengi wakifanya hatua kwa hatua huandika hivi:

48 − 2 = 46 + 15 = 61

Jibu ni sahihi, maandishi ni uongo. Mstari huu unasema 48 − 2 ni sawa na 61. Alama ya = ilianzishwa na Robert Recorde wa Wales mwaka 1557. Alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu aliona hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Ni mizani: kushoto na kulia lazima vilingane. Sisi tumeigeuza kuwa "haya, jibu linakuja". Mtoto anayeisoma hivyo atapata tabu kubwa siku atakapoona 61 = x + 15. Andika kila hatua kwenye mstari wake, na kila mstari uwe na uzito ule ule na wa juu yake.

Nini kifanyike kesho asubuhi

Sipendekezi tuiue MAGAZIJUTO. Napendekeza mambo matatu, na yote yanaingia kwenye kipindi kimoja.

Moja, MAGAZIJUTO itamkwe kwa vituo vitatu badala ya vitano: MA, kisha GAZI, kisha JUTO. Ndani ya GAZI na ndani ya JUTO hakuna mkubwa. Twende kutoka kushoto kwenda kulia.

Mbili, kila namba itembee na alama yake. Anayetaka kukusanya za kuongeza pamoja na za kutoa pamoja, ruksa. Hivyo ndivyo mama wa VICOBA anavyofunga hesabu yake: yote yaliyoingia upande huu, yote yaliyotoka upande huu, kisha tofauti. Hiyo ndiyo JUTO sahihi, na wazazi wetu wengi wanaitumia kila wiki bila kujua jina lake.

Tatu, mwalimu aweke ubaoni angalau swali moja ambalo kutoa kunatangulia kujumlisha, na aombe kisa chake. "Nipe hadithi ya 48 − 2 + 15." Hadithi inasahihisha haraka kuliko kalamu nyekundu.

Hilo la tatu nililijaribu kabla sijaondoka Mbingu. Tulichukua punje za mahindi, binti akahesabu 48. Akatoa 2, akaziweka pembeni. Akaongeza 15. Nikamwambia asihesabu kwanza, aniambie tu: rundo ni kubwa kuliko la mwanzo au ni dogo? Akaangalia. "Kubwa." Inaweza kuwa 31? Akanyamaza, akachukua kalamu, akarudi kwenye daftari. Hakuifuta ile 31. Aliizungushia duara, akaandika pembeni: "hapa nilitoa 15 badala ya kuongeza." Kisha akamwita baba yake aje aone.

Zamu yako. Fanya hizi tatu bila simu, kisha jiulize mtu aliyeshika tafsiri ile nyingine angepata ngapi:

(a) 90 ÷ 3 × 2 − 20 + 5
(b) 100 − 4 × (6 + 9) + 10
(c) 50 − 8 + 12 − 6 + 2

Majibu: (a) 45, mwenzako atapata 35. (b) 50, mwenzako atapata 30. (c) 50, mwenzako atapata 22. Sasa chukua tofauti ya kila jozi, uigawe kwa 2, halafu rudi kwenye swali utafute namba uliyoipata imetoka wapi.